Demani, kutoka msitu wa Amani hadi mchanga wa Saadani: mwongozo kamili wa siku tisa za kutazama wanyama na ndege

Kusi ikianza kulegea mwezi wa Agosti, pwani ya Tanga huingia demani, na demani hudumu hadi Novemba, kabla kaskazi haijashika. Nchi za baridi zina majira yao ya kuchipua. Kwetu hakuna theluji ya kuyeyuka, lakini pilikapilika za viumbe ni zile zile. Ndege wa msituni huanza kuimba na kujenga viota. Vitwitwi na sululu waliozaliana Siberia hutua kwenye matope ya mikoko wakiwa wamekonda kwa safari. Nyangumi wenye nundu wangali wanapita na watoto wao. Barabara za udongo nazo zinapitika, maana vuli haijachanganya.

Mwongozo huu ni wa siku tisa: siku nne katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, kisha Pangani na kisiwa cha Maziwe, na mwisho Hifadhi ya Taifa Saadani. Kutoka msitu ulio mita 900 juu ya usawa wa bahari hadi ufukweni ni mwendo wa nusu siku. Ni sehemu chache mno za Afrika Mashariki ambapo unaweza kumwona kinyonga wa pembe tatu usiku, na kesho yake ukawa umesimama na darubini mbele ya maji ya chumvi.

Chagua tarehe kwa kutazama mwezi

Watu wengi hupanga tarehe kwa kalenda ya likizo. Kwa safari hii angalia mwezi wa angani kwanza, likizo iufuate.

Kuna mambo mawili. La kwanza ni giza. Kinyonga na bundi hutafutwa usiku, na usiku wa mbalamwezi hupunguza kazi ya tochi: kinyonga aliyelala huonekana kwa sababu rangi yake hupauka akang'aa dhidi ya majani meusi, na mwanga wa mwezi unapopausha kila kitu, tofauti hiyo hupotea. La pili ni maji. Kisiwa cha Maziwe ni tuta la mchanga linaloonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, na ndege wa ufukweni hutazamwa vizuri maji yanaporudi kwa nguvu. Kisiwa na ndege hao vyote vinataka bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji mafu hayafai: bahari haiondoki mbali, na ndege hubaki wametawanyika.

Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Bamvu la mwezi mpevu hukupa maji lakini hukunyang'anya giza. La mwezi mpya hukupa vyote viwili, na ndilo la kulenga.

Siku ya mwezi mpya, pwani ya Tanga na Pangani maji hujaa karibu saa kumi na hukupwa karibu saa nne, mchana na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Tofauti kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvu hupita mita tatu. Ukishajua hesabu hiyo, ratiba yote ya pwani unaipanga ukiwa nyumbani, kisha unaithibitisha kwa nahodha. Msikilize nahodha kuliko simu yako, kwa kuwa mwamba na mkondo wa hapo yeye ndiye anayeujua.

Kanuni ya kuanzia: siku ya kwanza ya safari iwe siku nne kabla ya mwezi mpya. Mwaka 2026 mwezi mpya unaangukia Septemba 11, Oktoba 10 na Novemba 9, kwa hiyo ondoka Septemba 7, Oktoba 6 au Novemba 5. Anayehesabu kwa kalenda ya Kiislamu aondoke tarehe 24 au 25 ya mwezi. Kati ya nafasi hizo tatu, Oktoba ndiyo bora. Septemba kusi bado huvuma kiasi cha kuchafua bahari, na Novemba mvua inaweza kukukamata Saadani, ambako udongo mweusi ukilowa hung'ang'ania tairi kama ugali.

Kikundi, mwongozaji na makubaliano

Msituni kikundi kisizidi watu watano kwa mwongozaji mmoja. Njia ni nyembamba, watu hutembea mmoja nyuma ya mwenzake, na ndege mdogo hukaa kwenye tawi lile lile kwa sekunde tano au sita. Anayekuwa wa sita huambiwa tu kilichokuwepo. Mkiwa wanane au kumi, chukueni waongozaji wawili na mwachane njia. Pwani na ndani ya gari idadi si tatizo.

Amani waongozaji hupatikana kwa kupitia ofisi ya hifadhi, ambayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wengi ni wenyeji wa vijiji vya humo humo. Kabla ya kukubaliana, muulize mambo matatu.

Kwanza, asubuhi ya siku ya pili mtaanza kutembea saa ngapi. Akijibu "baada ya chai", tafuta mwingine. Msitu huzungumza kuanzia saa kumi na mbili kasorobo hadi saa tatu hivi, kisha hunyamaza.

Pili, kama hupiga milio ya ndege kwa simu ili kuwavuta. Wakati wa demani jibu zuri ni kwamba hafanyi hivyo, au hufanya mara moja tu kwa nusu dakika. Dume anayesikia mlio wa mpinzani huacha kiota na kuja kupigana na kisichokuwepo, na kikundi kinachofuata kitafanya vivyo hivyo, na cha baada yake pia. Kiota hupoa.

Tatu, kinyonga wa pembe tatu mtamtafuta wapi. Anayejua kazi atataja kingo za msitu, kando ya barabara na mipaka ya mashamba ya chai. Asemaye "ndani kabisa ya msitu" anakisia.

Kuhusu fedha, omba mchanganuo ulioandikwa: gari na mafuta, dereva, mwongozaji wa Amani, kiingilio cha kila hifadhi, boti ya Maziwe, boti ya Mto Wami, malazi, chakula. Bei moja ya jumla huficha kitu, na mara nyingi kilichofichwa ni boti. Viingilio vya hifadhi za serikali hulipwa kwa kontroli namba au kadi, na mtandao getini huweza kukatika, kwa hiyo lipia mapema mkiwa mjini na beba risiti iliyochapishwa. Raia wa Afrika Mashariki wana viwango vyao vya chini, lakini bila kitambulisho mkononi utatozwa kama mgeni. Walio ughaibuni wenye pasipoti za nchi nyingine waulize kiwango chao kabla ya kupiga hesabu.

Dereva si mwongozaji, hata akiwa na darubini. Mkiambiwa mtu mmoja atafanya kazi zote mbili, Saadani mtapata hasara: anayetazama barabara hatazami kichaka.

Vifaa

Darubini ndiyo kifaa cha kutumia fedha. Chukua 8×42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni milimita 5 na ushei, na huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Zile ndogo za mfukoni za 10×25 hutoa milimita 2.5 tu, na chini ya miti ya Amani saa kumi na mbili asubuhi utaona kivuli kikiruka. Ukuzaji wa 10 pia hutikisika zaidi mkononi na huonyesha eneo dogo, kwa hiyo ndege akihama tawi unampoteza. Pwani mambo ni kinyume, umbali ni mkubwa na mwanga ni tele, na hapo teleskopu moja ya kukuza mara 20 hadi 60, ikiwa na miguu mitatu mizito, yatosha kikundi kizima.

Mengine:

- Tochi ya kichwa kwa kila mtu, na tochi moja ya mkono yenye mwanga mkali kwa mwongozaji. Betri za akiba seti mbili.
- Suruali ndefu nyembamba na soksi ndefu za kuingizia suruali ndani. Kinga ya siafu ni hiyo tu.
- Nguo za kaki, kijivu au kijani kibichi kilichofifia. Kwa Saadani acha bluu na nyeusi nyumbani kabisa, kwani mbung'o huvutwa na rangi hizo. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi.
- Koti la mvua na sweta moja. Amani hupata milimita 2,000 hivi za mvua kwa mwaka, inaweza kunyesha mwezi wowote, na usiku huwa na ubaridi hata pwani ikiwa inafuka joto.
- Viatu viwili: vya kupanda mlima vyenye meno, na vya mpira vya kutembelea mwamba na matope.
- Mfuko usiopitisha maji, kitambaa laini cha kufutia kioo, na kopo la plastiki lenye mfuniko mkali.
- Dawa ya mbu, na dawa ya kujikinga na malaria kwa ushauri wa daktari kwa wanaotoka sehemu za baridi au nje ya nchi.

Kopo lile ni la ukungu. Kioo kilichokaa kwenye kiyoyozi cha gari hushika ukungu mara tu kinapokutana na hewa ya msitu, na asubuhi nzima hupotea mkifuta. Zima kiyoyozi dakika 30 kabla ya kufika na fungua madirisha. Kikiingia unyevu ndani, funga darubini usiku kucha kwenye kopo lenye vikombe viwili vya mchele mkavu.

Siku ya 1: kufika Sigi

Kutoka Dar es Salaam pita Chalinze na Segera, kisha kunja kulia kuelekea Tanga na uishie Muheza. Hakuna haja ya kufika Tanga mjini. Kutoka Arusha au Moshi njia ni ile ile ya Segera. Wanaotoka Mombasa huvuka Lunga Lunga na Horohoro, hupita Tanga, kisha Muheza. Wabebe pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Muheza ndipo pa kujaza mafuta, kutoa fedha na kununua matunda. Kutoka hapo hadi lango la Sigi ni barabara ya udongo. Mabasi machache hupanda mchana na kushuka alfajiri. Thibitisha saa stendi siku hiyo hiyo. Gari dogo hufika Sigi kukiwa kukavu, lakini kupanda hadi Amani kwenyewe kunataka gari lililonyanyuka.

Laleni Sigi usiku mbili kabla ya kupanda. Msitu wa chini, ulio chini ya mita 500, una viumbe ambao juu hamtawaona kirahisi. Hapa palikuwa mwisho wa reli ndogo ya Wajerumani iliyoteremsha magogo, na nyumba ya mkuu wa stesheni ingali imesimama. Jioni ya kwanza msitembee mbali. Kaeni nje, zimeni taa, sikilizeni. Mlio unaoanza kama mlango mbovu ukaishia kama mtu anakabwa ni wa perere, mnyama mdogo wa mitini asiye na madhara. Kwa wanaohisi bundi ni mkosi, hapa ndipo pa kuzoea: bundi mdogo wa Sokoke, ambaye watu walidhani yuko Kenya tu, alikuja kuthibitishwa katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki mwaka 1992.

Siku ya 2: msitu wa chini

Mnaanza saa kumi na moja na nusu kwa chai tupu na kipande cha mkate, mnarudi kustaftahi saa tatu na nusu.

Kulukulu wa Fischer utamsikia kabla ya kumwona. Sauti yake imekauka, kama mtu anayesafisha koo. Subiri aruke: mbawa zake zina wekundu mkali ambao umetokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake. Hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mbawa kinachofanana na upepo kwenye turubai.

Mnyama wa kumtafuta chini ni sange, mwenye pua ndefu inayochezacheza, mweusi mgongoni na mwekundu kama kutu mbele. Hatafutwi kwa kutembea. Majani makavu yanasema hatua zako, naye ana masikio. Chagua gogo lililoanguka karibu na rundo la majani lililovurugwa, keti ukiegemea mti, na usitikisike kwa dakika 30. Utasikia majani yakifukuliwa. Usigeuze kichwa haraka, geuza macho. Mtu mmoja akikohoa, hesabu imeanza upya.

Kando ya kijito, kwenye mwamba wenye kivuli, angalia maua madogo ya zambarau yaliyobana kwenye ufa. Huo ndio mmea unaouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliutuma kwao mwaka 1892, na jina lake la kisayansi lililotumika kwa miaka mingi, Saintpaulia, limetoka kwake. Porini uko hatarini. Usichume hata jani, maana mmea huu huota kutokana na jani moja na wezi wanalijua hilo.

Siku ya 3 na ya 4: Amani juu

Pandeni asubuhi ya siku ya tatu kwa mguu kama kikundi kina afya, gari likitangulia na mizigo. Njiani msitu hubadilika mbele ya macho, joto likipungua na kuvu na kangaga zikiongezeka. Juu kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, yenye miti kutoka pande zote za dunia, na ndege hawajali mti umetoka wapi. Kwa anayeumwa magoti, bustani hiyo na barabara zake bapa zinatosha kwa siku nzima.

Ndege wa juu hutembea kwa makundi ya mchanganyiko. Utazunguka dakika 40 bila kuona hata unyoya, kisha miti yote ijae kwa dakika nne. Kundi likifika, simama. Kosa la kila anayeanza ni kulifuata: mnakanyaga matawi, ndege wanapanda juu zaidi, mnaishia na shingo zinazouma. Mwongozaji ataje mahali kwa saa ya ukutani, "kwenye mti ule mweupe, saa tisa, tawi la pili", na kila mmoja ainue darubini bila kuondoa macho kwenye tawi. Ukitazama chini kuishika, umepoteza.

Kuna ndege mmoja ambaye watu huvuka bahari kuja kumtafuta: shonanguo wa mdomo mrefu, Artisornis moreaui, anayeishi Usambara Mashariki na kwenye uwanda wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji, basi. Ni mdogo, kijivu, na hana la kuvutia macho. Hupenda mimea itambaayo iliyosokotana kwenye mianya na kingo za msitu, kwa hiyo mara nyingi nafasi nzuri zaidi ya kumwona ni jirani na nyumba za watu kuliko katikati ya msitu. Mpe saa mbili za asubuhi, mkiwa mmesimama. Asipotokea, ondokeni.

Usiku wa siku ya tatu ndio wa vinyonga. Fanyeni hivi:

1. Tokeni saa moja na nusu usiku. Mapema zaidi hawajalala vizuri.
2. Tembeeni kandokando ya barabara kwenye kingo za msitu na chai, hatua moja kwa sekunde mbili, si haraka kuliko hapo.
3. Shika tochi usawa wa jicho, jirani na shavu. Ukiishika kiunoni, mwanga haurudi machoni mwako na hutaona kitu.
4. Pitisha mwanga kwenye ncha za matawi membamba, kutoka kimo cha goti hadi mara mbili ya kimo chako. Kinyonga hulala nchani ili nyoka akipanda, tawi litikisike na limwamshe.
5. Tafuta kitu kilichopauka chenye umbo la mkia uliojikunja. Hilo ndilo jicho huliona kwanza, mwili hufuata.
6. Kwa vinyonga vidogo vinavyofanana na jani kavu, visivyozidi urefu wa kidole, shusha tochi kwenye mimea ya chini, kutoka kifundo cha mguu hadi goti.
7. Mkimpata, mwangalieni dakika mbili, picha mbili au tatu, zimeni, mwendelee.

Dume wa pembe tatu, Trioceros deremensis, alipewa jina kutokana na Derema, shamba lililo jirani hapo. Jike hana pembe, na wengi hupita wakidhani ni aina nyingine. Usimbandue kinyonga kutoka kwenye tawi. Vidole vyake hukaba kama koleo na ukivuta unavunja. Wala usimrushe kwenye tawi jingine: amechagua lile kwa sababu.

Picha za vinyonga zikienda mtandaoni, ondoa taarifa za mahali kwenye simu. Vinyonga wa Usambara walisafirishwa nje kwa miaka mingi kama wanyama wa kufuga, hadi Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na wanaowataka bado wapo.

Mchana wa siku ya nne pandeni kilima cha Mbomole kwa mandhari, kisha mpumzike. Kesho yake kuna barabara.

Siku ya 5: kushuka Pangani

Shukeni asubuhi hadi Muheza na mchukue njia ya Pangani kupitia mashamba ya mkonge. Pangani mnavuka mto kwenda Bweni. Kwa miaka mingi kivuko ndicho kilichokuwa njia pekee ya gari, na daraja limekuwa likijengwa. Ulizeni Muheza hali ikoje siku hiyo, kwa sababu foleni ya kivuko inaweza kula saa mbili. Malazi ya ufukweni yako Ushongo, kusini mwa mto.

Mjini Pangani na vijijini funika mabega na magoti, na wape wazee shikamoo yao kabla ya kuuliza habari za ndege. Mvuvi aliyesalimiwa vizuri atakuambia mahali ambapo sululu walishinda jana, na habari hiyo hakuna kitabu chenye nayo.

Siku ya 6: Maziwe

Leo ni siku moja baada ya mwezi mpya. Maji yatakupwa kabisa karibu saa tano kasorobo. Ondokeni saa mbili na nusu, mfike mchanga ukiwa unaendelea kufunuka, na muwe mmepanda boti kurudi kabla ya saa saba. Mchana upepo wa baharini huongezeka na mawimbi huanza kuvunja vichwa.

Kabla ya kupanda, hesabu jaketi okozi mwenyewe, moja kwa kila mtu, na vaeni tangu ufukweni. Uliza kama kuna injini ya pili au tanga la dharura. Lita mbili za maji kwa kila mtu, na turubai au miavuli, kwani kisiwa hakina hata mti mmoja. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa wengi walitaga hapo. Bahari ilikula ardhi na miti ikaisha. Anayetapika baharini ale kitu kikavu saa moja kabla na akae katikati ya boti akitazama upeo, asiinamie simu.

Ndege wakiwa wamelala kwenye ncha ya mchanga, teremkeni upande wa pili na msiwakaribie zaidi ya mita 100. Wamefika wiki hizi kutoka kaskazini mwa dunia. Kila wanaporushwa hewani hutumia mafuta ambayo hawajayarudisha. Dalili ya kuwa mmezidi ni vichwa: wote wakivinyanyua kwa pamoja, rudini nyuma hatua kumi.

Wazamiaji wa juu juu wabaki upande aliouchagua nahodha. Maji yakigeuka, mkondo hupata nguvu haraka, na kuogelea kuukabili kunachosha hata kijana. Njiani tazameni moshi wa maji upeoni: hadi Oktoba nyangumi wa nundu hupita. Nahodha asimfukuze. Azime au apunguze injini, na kama nyangumi anataka kuwatazama, atakuja.

Siku ya 7: matope, mikoko na alasiri ndefu

Asubuhi ni ya kulala au kutembea kwenye mikoko. Mlilana husimama mbele kabisa baharini, mkoko na msinzi nyuma yake, na mchu huonekana pande zote mbili. Ukishaitambua miti hiyo unajua chini yako kuna matope ya kina gani, jambo lenye faida zaidi ya elimu: palipo na mizizi ya mkoko usiingie bila mwenyeji.

Kazi yenyewe ni alasiri. Maji yamekupwa karibu saa sita, yatajaa kabla ya saa kumi na mbili. Muwe mmekaa kwenye mdomo wa mto au ufuko wenye matope kuanzia saa nane na nusu. Maji yakisukuma, ndege waliotawanyika kilomita nzima hubanwa polepole kuja kwenu. Hakuna haja ya kuwafuata. Na kwa kuwa ufuko unatazama mashariki, jua la alasiri liko nyuma yenu na ndege wote wamemulikwa. Asubuhi ungewaona wote weusi.

Anzeni na wakubwa. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda chini. Yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama wa mpasua karanga ni Dromas ardeola, mla kaa. Huyu huzaliana kwenye joto la Ghuba na Bahari ya Shamu, akichimba mashimo mchangani na kutaga yai lake ndani, kisha hushuka pwani yetu kuanzia Agosti. Wasomaji walioko Oman na Emirati wanaweza kumwona upande wa pili wa safari yake. Vitwitwi wadogo waacheni mwisho. Tazameni kwanza wanavyokula: anayekimbia, akasimama, akadonoa ni wa kundi la macho makubwa, anayetembea akichoma matope mfululizo kama cherehani hutumia mdomo kuhisi. Ukitenganisha hayo mawili, umepunguza kitabu kwa nusu.

Siku ya 8 na ya 9: Saadani

Ingieni kwa lango la Mkwaja, kaskazini. Kibali huhesabiwa saa 24 tangu kugongwa muhuri, kwa hiyo mkiingia saa nne asubuhi mnabaki hadi saa nne ya kesho, na mkichelewa mnalipa siku nyingine. Pangeni kuingia saa tano ili boti ya kesho asubuhi iingie ndani ya muda.

Saadani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo inayogusa bahari kwa fukwe zake. Msije mkitarajia Serengeti. Wanyama ni wachache na waoga zaidi: twiga, kuro, tohe, kongoni, nyati, na kwa bahati palahala au tembo. Zile picha za tembo wakitembea mchangani ni za siku chache katika mwaka. Mtu akiwaahidi, amewadanganya. Kasa wa kijani hutaga ufuko wa Madete, lakini kilele chao ni wakati wa masika. Wakati wa demani ulizeni tu kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa. Kwenye mashamba ya chumvi karibu na kijiji cha Saadani, heroe (flamingo) hukusanyika, na saa za jioni zinafaa.

Mbung'o wakiingia garini, fungeni madirisha na muwaue mmoja mmoja kwa kitambaa. Dawa ya mbu haiwasumbui sana. Kupe hukaguliwa jioni: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani.

Asubuhi ya mwisho ni Mto Wami. Siku hiyo maji hujaa karibu saa moja, nayo boti hupita kwenye mdomo wa mto bila kukwama matopeni. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu, safari huchukua saa mbili hadi tatu. Viboko wapewe mita 30 au zaidi, na nahodha asipite kati ya kundi na maji ya kina: kiboko anayeogopa hukimbilia kinani, na boti ikiwa njiani ataipitia. Kwenye mikoko angalieni mdiria, aketiye chini akitazama maji. Mamba hutoka kuota jua baadaye kidogo, kwenye kingo za matope, mnaporudi.

Tokeni kwa njia ya Mandera, kilomita 60 hivi za udongo hadi barabara kuu, kisha Chalinze. Mvua ikiwa imenyesha usiku, muulizeni askari wa lango kabla ya kuondoka, na gari lenye mzigo mzito liende nyuma ya jepesi, siyo mbele. Darubini zifutwe chumvi usiku huo huo kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, kisha kikavu. Chumvi ikilala kwenye bawaba, wiki ijayo hazifunguki.